Maswali ya wasomaji: Panya wako kwenye fomalini, DNA bado ipo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma zuolojia mwaka wa tatu hapa Dodoma. Kwa ajili ya projekti nilitega panya kwenye maghala ya mahindi Kibaigwa nikawaweka wote kwenye fomalini ili niwapasue taratibu, sasa supavaiza anataka na DNA ndo tujue ni aina gani. Jamaa mmoja wa maabara ananiambia hapo hamna kitu tena. Ni kweli? Na kama DNA inajibu, kupasua kwa nini?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo jamaa hajakosea sana ila kakukatisha tamaa mapema. Fomalini inazuia nyama isioze kwa kuzifunga protini, sasa na DNA inafungwa humo humo, halafu ikikaa muda mrefu inakuwa na asidi na DNA inakatika vipande vipande, ndo maana unafungua panya unakuta ini liko vizuri kabisa, utumbo wote upo, lakini mashine haina cha kusoma. Kile kipande cha jini inayoitwa COI wanachokitumia wengi kutambua wanyama kina herufi za DNA kama 650, kwa panya wako hicho kitasumbua. Vipande vya herufi 100 au 200 huwa bado vinapatikana, kwa hiyo omba praima (vipande vidogo vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) za kulenga kipande kifupi, na ulenge jini za mitokondria (vijumba vya nishati ndani ya seli) maana seli moja ina nakala nyingi za hizo. Ila usiweke projekti nzima kwenye bahati hiyo, tega wengine wachache.

Safari hii panya akishakufa, KABLA ya fomalini, kata kipande cha ini au sikio saizi ya punje ya maharage ukitumbukize kwenye ethano ya asilimia 95. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni 70, ina maji mengi. Ethano iwe nyingi kuliko nyama na kesho yake ubadilishe, kwa sababu maji ya nyama yanaizimua. Mkasi ufute na uupitishe motoni kati ya panya na panya (chupa ya ethano ikae mbali na huo moto jamani) la sivyo DNA ya wa kwanza inahamia kwa wa pili na majibu yote yanaharibika. Lebo andika kwa penseli, wino wa peni unayeyuka kwenye ethano. Na glavu vaa, panya wanabeba bakteria wa ugonjwa wa leptospirosisi kwenye figo na mkojo.

Maabara wataisafisha DNA kisha PCR, yaani kuizalisha nakala nyingi: nyuzijoto 95 kuachanisha kamba mbili za DNA, kama 55 praima zishike, 72 kujenga nakala, na mizunguko 30 ya hivyo kwa hesabu inatoa nakala zaidi ya bilioni 1 kutoka kipande kimoja.

Sasa kupasua. Panya shamba jike anaweza kuwa na chuchu hadi 24, hiyo unaiona kwa macho tu, lakini ana ndugu zake wa jenasi hiyo hiyo (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ambao ukiwapanga mezani huwatofautishi, hapo DNA ndo inaamua. Ila hiyo jini haikwambii alikula mahindi au wadudu, wala ana mimba ngapi. Hayo yako tumboni na kwenye mji wa mimba, na kwa mtu anayechunguza maghala mimi naona ndo ya maana zaidi.

Mfano mzuri ni kipunji, yule kima wa kule Rungwe. Mwaka 2005 alitangazwa kwa kutegemea picha, akawekwa kwenye Lophocebus, jenasi ya kima wengine. Baadaye mmoja akafia kwenye mtego wa mkulima, wataalamu wakapata mwili na DNA kwa pamoja: DNA ikasema ana undugu wa karibu na nyani, fuvu likaonyesha wazi kwamba si nyani. Ndo 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ungetumia kimoja tu ungekosea.

Kwa hiyo wa fomalini endelea kuwapasua, wapya ndo wa DNA, na kwenye ripoti eleza kabisa kipi kimetoka kwa panya yupi.