Usimpime mama kwa kazi aliyoizoea tangu usichana

Mkuu, usingoje mwakani kumpeleka mama hospitali! Umeandika mama yako anasahau majina ya wajukuu, lakini kwa kuwa bado anakaa kwenye cherehani na kushona bila kukosea, akili yake iko sawa. Halafu unauliza programu gani ya simu inapima ubongo kwa mikono, na picha ya ubongo ni bei gani. Hilo la "bado anashona" ndilo lililoniponza mimi.

Mama yangu yuko Pemba, anasuka ukili wa mikeka tangu msichana. Alianza kuuliza swali lile lile mara tatu asubuhi moja, kisha akawa anaunguza vyungu. Nikampeleka kwa bwana mmoja wa duka la dawa ambaye mtaa mzima unamwita dokta. Akamtazama akisuka, akasema, "Mikono hii ina akili timamu, huu ni uzee tu." Akaniuzia chupa za kuongeza kumbukumbu. Nilizinunua miaka miwili! Kila nikienda na wasiwasi nakuta ukili umenyooka, narudi Dar roho imetulia. Mpaka leo nina hasira naye. Hela nimesamehe, ile miaka siwezi.

Siku aliyopotea njia ya kurudi kutoka sokoni, sokoni kwake mwenyewe, ndipo nikampeleka hospitali. Daktari hakutaka habari za ukili. Alimwonyesha: ngumi mezani, kisha ubavu wa mkono, kisha kiganja. Ni kipimo cha miaka mingi, cha Alexander Luria, mtaalamu wa ubongo wa Muungano wa Kisovieti. Wakifanya pamoja, anafuata. Akiachwa peke yake: ngumi, kiganja, kiganja. Akaonyeshwa tena na tena, haishiki. Mikono ile ile iliyomaliza mkeka juzi yake! Nilitoka nje nikalia.

Daktari akanieleza kwamba kazi ya miaka mingi imekaa sehemu za ubongo ambazo mara nyingi huchelewa kuguswa. Kushika mpangilio mpya kunahitaji ubongo wa mbele, na huko kasoro inaweza kuonekana mapema. Kwa hiyo mpe jambo jipya la mikono, umwonyeshe, umwache peke yake, uone kama anazidi kushika kila akirudia. JIPYA, mkuu, cherehani iache. Akishindwa si lazima iwe maradhi ya kusahau, maana hata baridi yabisi, macho au kiharusi huharibu. Na akiweza, bado mpeleke, kwa sababu hayo majina ya wajukuu yanatosha kumpeleka.

Maana damu ya mama ilipopimwa, vitamini B12, ambayo ikipungua huweza kuharibu kumbukumbu, ilikuwa chini mno. Ana sukari, amemeza metformini miaka mingi, na dawa hiyo huweza kuishusha. Alichomwa sindano, baadhi ya mambo yakarudi. Daktari alisema tungewahi, huenda yangerudi mengi zaidi.

Kesho asubuhi nenda naye, na ubebe dawa zote anazomeza, hata zile alizoficha kwenye kikapu cha jikoni.