Kwa Anayeanza Kazi ya Tanuri Kaskazi Hii

Mdogo wangu, kama umeanza kazi ya kuoka mikate hapa Tanga mwezi huu wa Februari, umeingia wakati mgumu kuliko yote. Kaskazi imeshika, mchana kivulini nyuzi 32 au 33, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Ndani ya chumba cha tanuri usiulize. Mimi nimefanya kazi hii Ngamiani miaka 17, na kabla hujafunga aproni nataka ulijue jambo moja: joto likikuzidi, wewe mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

Nililijua hilo nikiwa bado mgeni, kwenye bekari ambayo sasa haipo. Tulikuwa watano zamu ya usiku. Mmoja wetu alikuwa kijana aliyeshuka kutoka Lushoto, kwao watu huvaa sweta asubuhi, na hiyo ilikuwa siku yake ya tatu. Nguvu alikuwa nazo. Tukimwambia atoke nje apunge upepo anakataa, kwa sababu alituona sisi wenyeji hatutoki. Ilipofika kama saa nane usiku nikamsikia anahesabu trei za boflo: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na moja, kumi na mbili. Tukacheka, tukadhani anatuchekesha. Nikamwita. Akanitazama kama mtu asiyenifahamu, akaenda kusukuma mlango wa tanuri uliokuwa umefungwa tayari, akausukuma tena. Halafu magoti yakamwisha nguvu.

Mmoja akasema ni malaria imempanda kichwani. Mwingine akakimbilia panadol. Aliyetuokoa ni mzee wetu wa kukanda unga. Alituamuru tumbebe hadi barazani, tumvue shati, na akaanza kummwagia maji ya ndoo, ya pili, ya tatu, sisi tukimpepea kwa makatoni, huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Alipona, ila kazi ya tanuri hakuirudia. Mpaka leo sijasahau kwamba tulicheka.

Mwili wa mtu huwa kwenye nyuzi 37 hivi, na unajipoza kwa jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka tu, linapoza kwa kukauka juu ya ngozi. Kwenye hewa yenye unyevu kama yetu linachuruzika na kudondoka sakafuni bila kukusaidia. Ukijiona umelowa chapachapa usiseme mwili unafanya kazi yake vizuri. Joto la ndani likipita nyuzi 40, ubongo unaanza kuvurugika, na ubongo huohuo ndio unaoutegemea ukuambie kwamba umezidiwa. Ndiyo maana yule kijana hakuomba msaada.

Kwa hiyo jifunze kutofautisha. Misuli ya tumbo au miguu inabana, kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi imelowa na ina ubaridi: hapo umeanza kuchoka na joto. Toka nje, kaa kivulini, legeza nguo, kunywa maji kidogo kidogo, na usirudi motoni siku hiyo kama hujatulia kabisa. Lakini mtu akianza kuongea ovyo, kupepesuka, kusahau alichotumwa au kuzirai, hiyo ni hatari ya kifo. Mpozeni hapohapo kwa maji mengi na upepo, barafu ikiwepo iwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja juu, huku gari linatafutwa. Msimnyweshe kitu kama hajitambui. Msingoje jasho likatike, maana wengine huanguka wakiwa wamelowa. Na panadol haisaidii hapa, hii si homa.

Wanaoanguka zaidi ni wageni, na sababu yake si uzembe. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto. Katika siku hizo unajifunza kutoa jasho mapema zaidi, kwa wingi zaidi, na kupoteza chumvi kidogo zaidi. Siku ya kwanza kaa karibu na moto sehemu moja tu ya tano ya zamu, kesho ongeza sehemu nyingine, hivyohivyo mpaka wiki iishe. Muda uliobaki panga mikate, pima unga, osha trei. Ukimwona msimamizi mwambie kwa heshima, "Mzee, naomba wiki hii nipokezane na mwenzangu mlangoni mwa tanuri, mwili bado haujazoea." Sijaona mtu wa maana aliyelikataa hilo. Na ukitoka likizo ya wiki mbili au ukiugua, hesabu umekuwa mgeni tena.

Maji usingoje kiu. Kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20 kinatosha, na usizidishe lita moja na nusu kwa saa ukidhani unajikomboa, kwa sababu maji mengi mno yanapunguza chumvi ya damu na hayo nayo ni maradhi. Ukila chakula chako vizuri, chumvi unaipata humo. Ukilazimika kutokwa jasho saa nyingi bila kula, changanya unywe lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dafu ni zuri, nalipenda mimi, ila halina chumvi nyingi ya ile unayoipoteza, usilifanye dawa. Mwenye presha au anayemeza dawa za kumfanya akojoe sana aongee na daktari kwanza. Choo kidogo kikiwa cheusi kama chai ya rangi, umechelewa kunywa.

Feni wengi wanaiweka vibaya. Ukiiweka nyuma ya tanuri inakupulizia moto usoni. Iweke dirishani ielekee nje ivute hewa ya moto, na mlango wa upande wa pili uwe wazi. Usiku umande unavuma kutoka bara, utaingia wenyewe. Vaa pamba nyepesi, na harara zikitoka kwapani oga kwa maji baridi na uache ngozi ikauke, usipake mafuta mazito.

Ramadhani miaka hii imeangukia Februari na Machi, palepale kwenye joto. Bekari nyingi zinaweza kuhamishia kazi ya moto baada ya futari, liombeni hilo mapema, Shaabani haijaisha. Daku usiiache. Na ukizidiwa, fungua, utalipa siku nyingine. Dini imemruhusu mgonjwa, nawe usijinyime ruhusa hiyo kwa kuona haya mbele ya wenzako.

Sheria pia ipo upande wako. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, una haki ya mapumziko ya dakika 60, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akulinde. Watu wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, hukagua hayo.

Usiku wa leo ukiingia, chagua mwenzako mmoja, naye akuchague. Kila mnapotoa trei muulize ni ya ngapi. Akikosea mara mbili, mshike mkono mtoke naye nje, hata akikasirika.