Taa za Darini: Pamba Haizuii Upepo

SWALI: Shikamoo Fundi. Nyumba yetu ina taa 14 zilizozamishwa kwenye dari, zile ambazo ukiwa chini unaona duara tu na balbu kwa ndani. Msimu wa baridi ukianza, kiti cha mume wangu chini ya taa ya sebuleni hakikaliki kwa upepo. Mdogo wangu alipanda darini akazifunika zote kwa pamba ya kuhami joto, akaishindilia vizuri. Upepo ulipungua kidogo tu. Sasa taa mbili za jikoni zinazima zenyewe zikishawaka kama dakika 20, halafu zinawaka tena bila mtu kugusa swichi. Tena kuna doa la kahawia limejitokeza kando ya taa ya bafuni. Tumekosea wapi? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mama. Kabla hujaendelea kusoma, zima breka za taa, acha zipoe, kisha mdogo wako apande tena akaiondoe ile pamba juu ya taa zote 14. Msingoje mwisho wa wiki.

Taa inayojizima na kujiwasha namna hiyo kwa kawaida haijaharibika. Ndani ya kopo lake, yaani ile nyumba ya bati iliyojificha juu ya dari, mna kinga ya joto: kifaa kidogo kinachokata umeme kopo likipata joto kupita kiasi na kuurudisha likipoa. Kifaa hicho kimewekwa kwa ajili ya dharura. Kwako sasa kinafanya kazi kila jioni, na siku kikichoka hakuna kingine kilichobaki kati ya kopo la moto na mbao za dari.

Balbu ya kizamani yenye waya unaong'aa hugeuza takribani asilimia 90 ya umeme wake kuwa joto. Waliotengeneza makopo ya zamani walilijua hilo, wakayatoboa matundu makusudi ili joto litokee juu. Matundu hayo hayo ndiyo yanayoipotezea nyumba yako joto. Hewa ya ndani ikipashwa huwa nyepesi, hupanda, hupata tundu, hutoka. Nayo nyumba hufidia kwa kuvuta hewa baridi kutoka chini ya milango na kwenye pembe za madirisha. Kwa hiyo siku isiyo na upepo nje, baridi inayompata mume wako huenda haishuki kutoka kwenye taa. Inapita kwake ikielekea kwenye taa. Siku ya dhoruba mambo hugeuka: upepo unaoingia chini ya paa unaweza kuisukuma hewa baridi ishuke kupitia matundu yale yale. Mnaopooza nyumba wakati wa joto nanyi mnahusika, kwa kuwa hewa kali ya chini ya paa hupata njia ya kuingia.

Pamba ya nyuzi za kioo haiwezi kuzuia hayo peke yake. Kazi yake ni kunasa hewa iliyotulia, na hewa ikitulia haipitishi joto kwa urahisi. Hewa inayosukumwa hupenya katikati ya nyuzi kama inavyopenya chandarua. Itazameni pamba ya zamani iliyo karibu na makopo. Mkiona madoa meusi, hilo ni vumbi lililochujwa na hewa iliyokuwa ikipita hapo miaka yote. Nina miaka 22 katika kazi hii, na nikipanda darini bado kitu cha kwanza ninachotafuta kwa tochi ni weusi huo, maana hunionyesha pa kuanzia.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipuliza povu la kuzibia kuzunguka kopo moja bila kuuliza ni la aina gani. Baada ya wiki mwenye nyumba akaniita kwa sababu ya harufu. Povu lilikuwa limegeuka kahawia na kunyauka, na ubao wa jirani ulikuwa moto mkononi. Hakuna aliyeumia. Tangu siku ile siizibi taa kabla ya kusoma lebo yake.

Nanyi someni lebo. Toeni balbu, mmulike ndani ya kopo. Herufi IC maana yake kopo linaruhusiwa kugusana na kihami joto. Kwingine hutumika alama badala ya herufi: mchoro wa taa iliyofunikwa, ukiwa umekatwa kwa mstari, unakataza kufunika. Lebo ikiwa imefutika, ihesabuni taa hiyo kuwa hairuhusiwi. Kwa tabia ya taa za jikoni, nadhani zenu ni za namna hiyo.

Kopo lisiloruhusiwa huachiwa nafasi ya milimita 75 kila upande, na juu yake hapawekwi kitu. Mtu anaweza kulijengea kisanduku cha bodi za jipsamu kwa juu, akiacha nafasi hiyo hiyo, akaziba maungio na mahali waya unapopita kwa silikoni inayostahimili moto. Inasaidia kwa upepo. Ila pamba isilundikwe juu ya kisanduku hicho. Mimi huwaambia watu wasijisumbue na visanduku 14 wakati kazi hiyo hiyo ya kutambaa darini inatosha kubadilisha makopo.

Ushauri wangu kwako ni huu: badilisheni. Tafuteni kopo lenye ruhusa ya kugusana na kihami joto na ambalo pia limepimwa kwamba halivujishi hewa. Kipimo kinachotumika Marekani hulitaka lisipitishe zaidi ya lita 57 hivi kwa dakika, tofauti ya msukumo wa hewa ikiwa paskali 75. Lakini hata kopo zuri kiasi hicho ni bure kama tundu lililokatwa kwenye dari ni pana kuliko kopo lenyewe. Teremsheni pete ya nje, mzibe mwanya kati ya kopo na jipsamu kwa silikoni pande zote, kisha mrudishe pete. Hapo ndipo pamba irudi, na sasa itafanya kazi yake.

Kama mfuko hauruhusu zote kwa pamoja, anzeni na jikoni. Nyingine zitieni taa za LED zinazokuja na pete na gasketi yake, yaani utepe laini wa kuziba mwanya, zenye kuingia ndani ya kopo la zamani. LED ya wati 10 hutoa mwanga wa kutosha kuchukua nafasi ya balbu ya wati 60, upepo hupungua, joto nalo hupungua sana. Lakini kopo la zamani linabaki na lebo yake ya zamani: milimita 75 ziheshimiwe, isipokuwa mtengenezaji wa hiyo LED ameandika vinginevyo.

Doa la bafuni lichunguze kwa siku chache. Likikua baada ya mvua, paa linavuja. Likikua siku kavu za baridi baada ya watu kuoga, mvuke unapanda kupitia taa, unakutana na ubaridi wa chini ya paa, unakuwa maji, unarudi kwa njia ile ile. Maji hayo huleta ukungu na kuozesha mbao polepole, na ndiyo maana taa ya bafuni ningeiondoa kabisa, nizibe tundu, niweke taa ya kubandika kwenye uso wa chini wa dari, inayofaa mahali penye unyevu.

Mdogo wako akipanda avae barakoa na glavu, akanyage boriti tu. Na akikuta chembe nyepesi zinazometameta badala ya pamba, ashuke bila kuzigusa. Hiyo yaweza kuwa vemikuliti, kihami joto cha madini, na ya zamani huenda ina asbestosi, nyuzi zinazodhuru mapafu.

SWALI: Fundi, mimi naishi ghorofa ya kati, juu yangu kuna jirani. Je, nami nizibe taa zangu kwa ajili ya joto? – Wa Ghorofani

JIBU: Kwa joto hutapata faida kubwa, kwa sababu juu yako pana chumba kinachopashwa kama chako. Shida yako ni moto. Dari yako ndiyo ukuta unaouchelewesha moto usimfikie jirani, na kila tundu la taa linaupunguza nguvu. Mwombe fundi umeme aangalie kama taa zimethibitishwa kwa dari ya aina hiyo, au kama zina kofia zinazovimba zikipata joto kali na kulijaza tundu. Zikikosekana, ziwekwe kwanza. Moshi wa vyakula na sauti za jirani vitapungua pia.