Likizo ya kaskazi: kwanza ulizeni maji yanajaa saa ngapi

Skuli zimefungwa, kaskazi imeingia, na karibu barua zenu zote zinauliza jambo moja: watoto tuwapeleke wapi? Leo nazijibu tano.

*Asalaam aleikum dada. Jumapili tulikodi gari mpaka Jambiani. Tumefika saa nne asubuhi, bahari imekwenda huko mwambani, hakuna aliyeoga. Watoto wamenuna njia nzima. Twende lini? (Mama wa wawili, Mwanakwerekwe)*

Waaleikum salaam mama. Mliangukia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Tazama kalenda ya Kiislamu hapo ukutani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, yaani tarehe mosi na 15 na siku mbili tatu zinazofuata, hapa kwetu Unguja maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Kila siku saa husogea kiasi cha dakika 50, kwa hiyo wiki moja baadaye mambo yamepinduka: asubuhi maji yamejaa, alasiri yamepwa. Ila hapo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Pwani ya mashariki, kama hapo Jambiani, ndiyo inayowaduwaza wageni wa mjini, kwa sababu mwamba uko mbali na chini ni tambarare. Nungwi na Kendwa maji hayakimbii hivyo.

Kwa kuoga, basi, chagueni alasiri ya bamvua, jua nalo limeshapungua ukali. Lakini hata asubuhi ile msingerudi! Kwenye vidimbwi vilivyobaki mtoto anaona kiti cha pweza, jongoo bahari, na kaa wadogo wanaotembea na nyumba za makome mgongoni. Wavalisheni raba kuukuu, maana kandambili humezwa na tope. Waambieni watazame bila kuokota: kuna makome yenye umbo la pia, mazuri ya kutamanisha, ambayo mchomo wa baadhi yake unaua. Kamba za mwani zipiteni kando, ni jasho la kina mama wa pale. Na maji yakianza kugeuka, rudini hapo hapo. Hujaa kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yenu.

*Kijana wangu wa miaka 11 anakwenda Forodhani kuruka majini na wakubwa. Nimkataze? (Baba, Kikwajuni)*

Ukimkataza ataruka usipokuwepo. Nenda naye. Hatari kubwa pale ni saa ya kuruka kuliko urefu wa ukuta wa bahari. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne, kwa hiyo pale aliporuka salama Ijumaa hii saa kumi, Ijumaa ijayo saa hiyo hiyo yupo karibu na mawe. Aingie kwanza kwa miguu, apime kina, ndipo apande ukutani. Kuruka kwa kichwa, hapana. Kwenye njia ya boti, hapana.

*Binti yangu ana miaka tisa, anatamani kuogelea. Bibi yake anasema si heshima. Unasemaje dada? (Mama, Mkokotoni)*

Bibi usimbishie, mjibu kwa vitendo. Huko Nungwi, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na walimu wao wanawake. Jambo hilo linafanyika, na linafanyika jirani yako. Sisi tumezungukwa na bahari, halafu tunawalea mabinti wasioweza kuelea. Mimi hilo halinipiti kooni.

Nguo ni suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Baibui pana na kanga havifai, vikilowa huvuta chini. Aanze na kuelea chali, maji ya kiunoni, mkono wako chini ya mgongo wake. Mpaka atulie hivyo, akitazama juu na kupumua taratibu, usimharakishe kupiga mikono. Dumu tupu lililofungwa kizibo vizuri linamsaidia kujifunza kupiga miguu, lakini dumu si mlezi: likimponyoka, awepo mtu wa kumfikia kwa mkono.

*Kila mtu anataja Unguja tu. Sisi wa Pemba watoto wetu wakae ndani? (Baba wa watatu, Wete)*

Lawama nimeipokea. Mimi ningeanza na Kidike, kwa popo. Popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani, na akitandaza mbawa hufika mita moja na nusu, upana unaozidi urefu wa mtoto wako wa kati. Zamani waliwindwa sana. Wanakijiji wakaamua kuwalinda. Nendeni alasiri, mkawakute wananing'inia mitini wakigombana kwa kelele, kabla ya kutoka wakati wa magharibi kwenda kutafuta matunda. Siku nyingine ni msitu wa Ngezi, kisha Vumawimbi kwa upande wa pili. Vumawimbi kuna mchanga mweupe mrefu na hakuna duka, kwa hiyo maji ya kunywa na chakula vitoke nyumbani.

*Mjukuu wangu ameletwa kwangu likizo, macho kwenye simu kutwa. Nimfanyeje? (Bibi, Makunduchi)*

Shikamoo bibi. Chomoa chelewa mbili kwenye ufagio wako, mwambie akuundie tiara, yaani kishada cha kurusha. Chelewa zipishane, zifungwe uzi katikati, zizungushiwe uzi kwenye ncha, kisha karatasi nyepesi igandishwe kwa uji mzito wa unga wa ngano. Mkia ni ukanda wa kanga kuukuu. Tiara ikizunguka kama pia, mkia ni mfupi. Ikigoma kupaa, uji umezidi. Atakosea mara kadhaa, na humo ndimo simu itakamosahauliwa.

Kaskazi kwenu hupiga kutoka baharini, kwa hiyo akisimama chini ya minazi tiara itaishia kwenye makuti. Asubiri maji yapwe, asimame mbali kule mchangani, mgongo baharini. Nyaya za umeme azikimbie, na uzi usiwe wa waya wala wa shaba hata kama marafiki watamwambia ndio imara.