Vitamini kabla ya chanjo ya surua, na wakati mtoto anaumwa: niliyopitia na mwanangu wa pili

Mama mwenzangu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kama mwanao wa miezi 9 aanze kunywa sirapu ya vitamini wiki moja kabla ya kuchomwa chanjo ya surua ili, kama jirani yako anavyosema, chanjo isimchoshe sana. La pili ni kama kaka yake wa miaka 3, ambaye hupata homa na mafua mara kwa mara, anaweza kupewa dawa ya kuongeza damu pamoja na vitamini A ya kununua dukani ili ajenge kinga. Ninakujibu kwa urefu kwa sababu mawazo hayo yote mawili niliwahi kuwa nayo, nikayatekeleza, na mtoto wangu wa pili akaugua surua akiwa na miezi 15.

Ilikuwa mwaka 2017, tukiishi Chamwino mkoani Dodoma. Alipofikisha miezi 9 alikuwa na mafua na kikohozi chepesi, nikaona kumpeleka kliniki katika hali ile ni kumwongezea mzigo, nikasema nitampeleka akipata nafuu. Muuzaji wa duka moja la dawa aliniuzia chupa ya sirapu ya vitamini mchanganyiko na kunihakikishia kwamba mtoto anayekunywa vitamini kila siku ana kinga ya kutosha, hivyo hakuna haja ya kuharakisha sindano. Nilimwamini. Chupa ikaisha, nikanunua nyingine, mtoto akanenepa, na kila mwezi nilipoitazama kadi ya kliniki na kuona nafasi ya surua ikiwa tupu nilijiambia kwamba mtoto mwenye afya kama huyu anaweza kusubiri. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mafua na homa ndogo si sababu ya kuahirisha chanjo, na kwamba muuguzi yeyote wa kliniki angenieleza hivyo siku ile ile kama ningekwenda kumwuliza.

Ugonjwa ulianza kwa homa kali ya siku tatu, kikohozi kikavu na macho mekundu yanayotoa machozi, kisha vipele vikatokea nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, vikashuka kifuani hadi miguuni. Mwanga ulimwumiza: nikifungua dirisha alizika uso wake ndani ya kanga yangu na kulia bila sauti, kwa kuwa sauti ilikuwa imekauka. Kinywa kilijaa vidonda, akakataa kunyonya. Asubuhi ya siku ya tano kope zake zilikuwa zimegandana kwa matongo, nikazilowesha kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, zikaachia taratibu, ya kulia kwanza, kisha ya kushoto. Bibi mmoja jirani, kwa mapenzi mema kabisa, alikuja na majani yaliyotwangwa akitaka kumkamulia machoni. Baba yake alimshukuru na kukataa, na ninamshukuru Mungu kwa ukataaji ule, maana dawa za kienyeji za macho, zikitiwa katika jicho ambalo surua imeshalidhoofisha, ni miongoni mwa mambo yaliyowapofusha watoto wengi wa Tanzania.

Hospitalini muuguzi alitoa kapsuli nyekundu kwenye kopo, akaikata ncha kwa mkasi, akambana mtoto mashavu polepole na kukamulia mafuta ya rangi ya njano kinywani. Tone moja lilidondokea kidevuni, naye akalifuta kwa ukingo wa kapsuli akalirudisha mdomoni, akaniambia, "Hii ndiyo dawa yenyewe, mama, isipotee." Aliandika tarehe kwenye karatasi ya mtoto, akatuonya tusiondoke, kwa sababu kesho yake angepewa nyingine kama hiyo. Alipewa pia mafuta ya macho ya tetrasaiklini, na kila baada ya saa kadhaa walihesabu pumzi zake wakihofia nimonia.

Nilishangaa. Miezi sita mizima nilikuwa nimemnywesha vitamini, na sasa anapewa vitamini tena kama dawa ya hospitali. Nilimwuliza muuguzi, akanieleza kwa subira, na mengine nimeyasoma mwenyewe tangu hapo, kwa kuwa niliona ni wajibu wangu kuelewa.

Vitamini A hutunzwa kwenye ini, nayo ndiyo inayoshikilia uzima wa ngozi laini za ndani ya mwili: utando wa jicho, koo, mapafu na utumbo. Virusi vya surua hushambulia ngozi hizo hizo, na katika kupambana navyo mwili huimaliza akiba yake kwa haraka sana, huku mtoto akiwa hali chakula na mara nyingi akiharisha. Mtoto aliyekuwa na akiba ndogo hufika mahali ambapo utando wa jicho hukauka na hata kutoboka, na mapafu hukosa ulinzi. Ndiyo maana katika surua vitamini A hutolewa kwa dozi kubwa na si kwa kijiko cha sirapu: yuniti 50,000 kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na yuniti 200,000 kwa aliyefikisha mwaka, siku mbili mfululizo, na dozi ya tatu wiki kadhaa baadaye ikiwa macho yameonyesha dalili za upungufu.

Ushahidi mmojawapo wa jambo hili ulitoka karibu kabisa na tulipokuwa tukiishi, katika hospitali ya Mvumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulifuatilia watoto 180 waliolazwa kwa surua, nusu yao hivi wakapewa vitamini A na wengine wakapata matibabu ya kawaida pekee. Kati ya 88 waliopewa walifariki 6, na kati ya 92 wasiopewa walifariki 12, na tofauti ilionekana zaidi kwa walio chini ya miaka 2, ambako alifariki mmoja upande wa waliopewa na saba upande wa pili. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri vitamini A itumike kwa wagonjwa wa surua katika nchi zenye upungufu. Mwaka 1990 utafiti wa Cape Town wa watoto 189 ukathibitisha: kati ya watoto 12 waliofariki, 10 walikuwa wale ambao hawakupewa vitamini A. Niliposoma hayo nilimkumbuka muuguzi yule akilirudisha lile tone mdomoni.

Hata hivyo, tafadhali zitazame namba za Mvumi mara ya pili. Watoto sita waliopewa vitamini A walifariki. Vitamini ilipunguza vifo vya watoto ambao tayari walikuwa wameshaugua, na haikumzuia hata mmoja asiugue. Kinachozuia ni chanjo. Dozi ya miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100, na dozi ya pili, ambayo kwetu hutolewa kwenye miezi 18, huwafikia karibu wote waliobaki. Zaidi ya hayo, surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ambayo mwili umejijengea dhidi ya magonjwa mengine. Watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa walipimwa kabla na baada ya surua, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao, yaani chembe za damu zinazokumbuka na kupambana na magonjwa. Mwanangu alitoka hospitalini akiwa hai, lakini mwaka mzima uliofuata tulikuwa watu wa kuingia na kutoka zahanati kwa kuhara, masikio na kifua.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Mtoto hahitaji kuandaliwa kwa sirapu kabla ya chanjo. Mpeleke siku aliyopangiwa hata kama ana mafua, mnyonyeshe hapo hapo baada ya sindano, na usimpe panadoli ya kumkinga na homa kabla homa haijaja. Jambo ambalo akina mama wengi hatuambiwi vya kutosha ni kwamba homa ya chanjo ya surua haiji usiku ule ule kama ile ya chanjo za wiki ya 6 na ya 10. Huja kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mwingine pamoja na vipele vichache, na kwa sababu sindano imeshasahaulika tunadhani ni ugonjwa mpya au tunailaumu chanjo kwamba imemletea surua. Homa hiyo ikija, mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake kama kliniki ilivyokuelekeza, na ikizidi siku mbili au ikiwa kali mpeleke apimwe malaria, kwa maana mbu hawangoji chanjo imalize kazi yake.

Vitamini A anayohitaji mtoto wako kwa sasa ni matone ya kliniki. Kapsuli ya buluu ya yuniti 100,000 hutolewa kwa wenye miezi 6 hadi 11, na nyekundu ya yuniti 200,000 kwa wenye mwaka mmoja hadi kabla ya kufikisha mitano, kila baada ya miezi sita, kwetu Tanzania katika kampeni za Juni na Desemba ambapo wakubwa kidogo hupewa pia dawa ya minyoo. Yanaweza kutolewa siku moja na chanjo bila shida yoyote. Kama alikosa ya mwisho, mwulize muuguzi siku hiyo hiyo ya chanjo.

Usinunue vitamini A ya dozi kubwa dukani ukampa mwenyewe. Vitamini C ikizidi hutoka kwa mkojo, na kwa kweli haina mengi ya kumfanyia mtoto mwenye mafua zaidi ya chungwa lenyewe. Vitamini A ikizidi hubaki kwenye ini na kuliumiza. Mwaka 2025, surua ilipozuka magharibi ya Texas nchini Marekani, wazazi kadhaa walikuwa wamewapa watoto wao vitamini A nyumbani kwa kuamini kwamba itawakinga au kuwatibu, na hospitali ya huko ikapokea watoto ambao vipimo vyao vya ini havikuwa sawa kwa sababu hiyo. Katika mlipuko huo watoto wawili walifariki, wote wawili hawakuwa wamechanjwa. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu wazazi wale walifanya kwa upendo kile kile nilichofanya mimi.

Kuhusu dawa ya kuongeza damu, hapo ninakuomba usimame kabisa. Ninajua jinsi ilivyo kawaida yetu: mtoto akipauka kidogo au akitoka kwenye homa, tunamnunulia ile sirapu nyekundu yenye madini ya chuma. Kisiwani Pemba ulifanyika utafiti mkubwa, uliochapishwa mwaka 2006, wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na foliki asidi kila siku, na sehemu hiyo ya utafiti ilibidi isimamishwe kwa sababu watoto waliopewa walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi sana. Uchunguzi wa ndani zaidi ulionyesha kwamba mtoto ambaye kweli amepungukiwa na madini ya chuma alifaidika, na hatari iliwaangukia wale ambao hawakuwa na upungufu. Ndiyo maana ushauri wa leo ni kwamba, penye malaria, madini ya chuma yaambatane na chandarua, vipimo na matibabu ya malaria. Mtoto wako wa miaka 3 anahitaji kupimwa malaria, kupimwa wingi wa damu na kukaguliwa kadi yake kama ana dozi zote mbili za surua, halafu ndipo ijulikane kama dawa hiyo inamhusu. Akiharisha, omba ORS, ile poda ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini, na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, ambavyo vina faida iliyothibitishwa kuliko sirapu yoyote ya rangi nzuri.

Kwa chakula sitakuchosha, maana unajua kupika kuliko mimi. Nitasema tu kwamba matembele, mchicha na viazi lishe vinahitaji mafuta kidogo ili vitamini A yake ifyonzwe, hivyo mboga iliyochemshwa na chumvi peke yake humpa mtoto sehemu ndogo ya kilichomo. Watu wa Kigoma wenye mawese mekundu wana bahati kubwa katika hili. Kipande kidogo cha maini mara moja kwa wiki kinatosha, na mtoto wa miezi 9 bado ana akiba nzuri kwenye titi lako.

Mwanangu alipopona nilimrudisha kliniki nikiwa na aibu, nikidhani nitaambiwa hana haja tena ya sindano kwa kuwa surua imeshampitia. Muuguzi alifungua kadi, akaitazama ile nafasi tupu, akasema chanjo hiyo inakinga rubela pia, ugonjwa mwingine wa virusi wenye vipele, na rubela bado haijampata. Alimchoma paja la kushoto, akaandika tarehe. Alilia kidogo, kisha akaomba embe la mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye benchi jirani, naye akampa.