Laptopu ya RAM GB 1: ijaribu na antiX (mfumo endeshi mwepesi wa Linux) kabla hujaitupa

Ndugu, unauliza kama laptopu yako ya mwaka 2006, yenye RAM ya GB 1, bado inaweza kufanya kazi. Inaweza, ila kwanza angalia prosesa: ni ya biti 32 au 64? Wengi hukwama hapo. Kati ya mifumo mingine ya Linux, Lubuntu haitoi tena matoleo ya biti 32, na Debian 13 ya mwaka 2025 nayo imeachana na kisakinishi cha biti 32. Kama ni 32, mimi ningechukua antiX. Iandike kwenye flashi, washa mashine kutoka humo bila kusakinisha chochote, uone kama Wi-Fi na sauti vinakubali. Puppy, Linux nyingine, pia ni nyepesi sana, lakini ina mambo yake, utahitaji subira.

Mzigo mkubwa kwa kweli ni kivinjari. Kurasa mbili tatu za siku hizi zinatosha kuimaliza hiyo GB 1 yote. Kwa hiyo ukipata RAM ya kuongeza, hata iliyotumika, anza nayo. SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) itafuata, ila hakikisha kwanza kama diski yako inaunganishwa kwa SATA au kwa IDE, ile njia ya zamani. Video za YouTube? Hizo ziachie simu.