Niweke i7 kwenye laptopu yangu ya zamani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Natumia ThinkPad T430 yenye prosesa ya i5-3320M, RAM ya GB 4 na diski ile ile iliyokuja nayo. Inachukua muda mrefu mno kuwaka, na nikifungua kivinjari pamoja na mtihani ninaoutunga, inaganda. Siku hizi nahariri pia video fupi za masomo kwa wanafunzi wangu. Kuna mtu ananishawishi niweke i7, anasema itakuwa kama mpya. Nikubali?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Prosesa ya mashine yako inabadilishika, bahati ambayo laptopu nyingi hazina. Lakini kwa dalili ulizoeleza, usianze nayo.

Kuchelewa kuwaka na kuganda ukifungua vitu viwili kwa kawaida hutokana na diski na RAM. Hakikisha mwenyewe: mashine ikielemewa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke, kisha tazama asilimia za prosesa, RAM na diski. Ukikuta diski iko kwenye 100 na RAM imekaribia kujaa, huku prosesa iko kwenye 20 au 30, ujue prosesa imekaa bure inasubiri kuletewa kazi. Weka yenye nguvu zaidi, nayo itasubiri vilevile. Mpishi hodari hawezi kuwahisha chakula ikiwa kuni bado ziko njiani.

Diski ya kuzunguka ya laptopu husoma takriban MB 100 kwa sekunde ikipewa faili moja kubwa. Ikidaiwa vifaili vingi vilivyotawanyika, kama inavyotokea wakati wa kuwasha, kasi hiyo hushuka vibaya kwa sababu kichwa chake kinahangaika huku na huko. SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ikiwa ya aina ya SATA hufikia MB 500 na zaidi, wala haina kichwa cha kusogeza. Halafu RAM ya GB 4 ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye diski, yaani ile ile iliyokwisha kuelemewa. Ndiyo maana nakushauri ubadilishe vyote viwili kwa pamoja: SSD, na RAM ya GB 8 au 16. T430 ina nafasi mbili za RAM na mwisho wake ni 16. Chukua RAM ya aina ya DDR3 ya laptopu. DDR4 haiingii kabisa.

Sasa hiyo i7. Jina hili linawapotosha watu wengi, na inaniuma kuona pesa ya mwalimu ikienda kwenye jina. Katika kizazi cha mashine yako, i7-3520M ina kori mbili tu (kori ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe), sawa na i5 yako. Yenye kori nne ni kama i7-3632QM, na herufi Q ndiyo inayokuonyesha. Hata hiyo, kasi yake ya juu kabisa ni GHz 3.2, ya kwako inafika 3.3. Kwa kutunga mitihani, basi, hutaona mabadiliko ya maana. Utakapoyaona ni pale unapotoa (export) video iliyokwisha kuhaririwa, kwa sababu hapo programu hugawa kazi kwa kori zote, na nne zinashinda mbili waziwazi.

Kwa hiyo weka SSD na RAM kwanza, ufanye kazi zako kwa muda. Siku unatoa video, fungua tena lile dirisha la asilimia. Ikiwa prosesa inakaa kwenye 100 mwanzo hadi mwisho, na kungoja huko kunakukwamisha kweli, hapo tafuta i7-3632QM. Naitaja hiyo kwa sababu inatumia wati 35 kama ya kwako, basi feni yako inaimudu. i7-3740QM nayo inaingia kwenye soketi hiyo hiyo, lakini ni ya wati 45, na prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe. Utakuwa umelipia kasi usiyoipata.

Ukifika huko, sasisha BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, wakati prosesa ya zamani bado imo. Anayeifungua lazima atoe kibodi na sehemu ya kulazia viganja ndipo afikie feni. Hapo hapo asafishe vumbi na apake grisi mpya ya joto. Prosesa iingie kwenye soketi kwa uzito wake, bila kukandamizwa, maana vipini vyake hupinda kirahisi.

Kuna jambo ambalo prosesa hiyo haitakutatulia. Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. i7 utakayoweka ni ya kizazi cha 3. Mimi ningeijaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski, nione kama programu ya video ninayoihitaji ipo. Na nakili mitihani yako mahali pengine kabla mtu hajafungua skrubu yoyote.

SWALI LA MSOMAJI MWINGINE: Laptopu yangu ina prosesa ya i5-5200U. Naweza kuweka i7 ya kizazi hicho hicho?

JIBU: Hapana. Prosesa yako imelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama, kama ilivyo kwa zote za Intel za laptopu zenye herufi U za kizazi hicho. Kuipata nyingine ni kubadilisha ubao mzima, na sikushauri. Fungua kifuniko cha chini uone kama kuna nafasi ya RAM, kwani baadhi ya laptopu nyembamba RAM nayo imelehemiwa. Kama nafasi ipo, ongeza. Kama haipo, pesa yote ipeleke kwenye SSD.